Nilipokuwa Namsomea Mume Wangu Barabara

Mume wangu alinitangulia kustaafu kwa miezi minne, na katika miezi hiyo minne alinunua gari bila kuniambia. Siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, miguu inaniwaka, namenya viazi jikoni kwetu Farsta, kusini mwa Stockholm. Akaingia na viatu miguuni mpaka kwenye zulia, jambo ambalo nyumbani kwetu halifanyiki, akaniambia nivae koti nishuke naye chini.

Chini ya jengo letu lilikuwa limesimama gari jeupe, limeziba nafasi mbili za kuegesha. Waswidi huliita husbil, gari lililobeba nyumba mgongoni. Ndani mna kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki la kuoshea vyombo, meza ndogo yenye viti viwili vinavyotazamana, na choo ambacho mtu mwenye makalio kama yangu anaingia kwa kurudi nyuma. Nilizunguka humo ndani nikifungua makabati na kuyafunga. Sikujua nikasirike au nicheke.

"Miaka thelathini nimeendesha basi nikiwapeleka watu wanakotaka wao," alisema. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango kama mtu anayekaribisha wageni. "Sasa nataka kwenda ninakotaka mimi. Na wewe."

Hilo la "na wewe" ndilo lililonimaliza.

Tulikuja nchi hii tukiwa vijana, yeye kwa masomo ya ufundi wa mitambo, mimi kumfuata baada ya ndoa. Yeye aliishia kuendesha mabasi ya vitongoji vya kusini mwa Stockholm, mimi niliishia kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na mwisho wa zamu kuandika kwenye taarifa kile nilichokiona. Nchi yenyewe tulikuwa hatuijui. Tulijua njia ya kazini, njia ya dukani na njia ya uwanja wa ndege.

Habari zilipofika kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada yetu ya Kiswahili, watu walitucheka vizuri. Rafiki yangu Mkenya alishika kiuno akaniuliza, "Ati munaenda kulala msituni, na nyumba iko Farsta? Kwani mumefukuzwa?" Mzee mmoja wa Kongo alitaka kujua kama ile ni voiture, gari, ao ni nyumba, na kama ni nyumba, barua zitaletwa wapi. Mume wangu aliwajibu wote kwa furaha. Alikuwa na picha kwenye simu, akawaonyesha mpaka bomba la sinki.

Kiangazi cha kwanza kilikuwa kizuri, na nakisema hivyo bila kuongeza chumvi. Tulikwenda hifadhi ya taifa ya Tiveden, tukapita kati ya mawe makubwa kama nyumba yaliyoota ukungu wa kijani. Tulikwenda ziwa Siljan. Tulipita miji midogo ambayo yote ina vitu vilevile: duka moja la vyakula, mgahawa wa pizza, kanisa jeupe, na benchi ambalo hakuna anayelikalia. Asubuhi yeye ndiye aliyeamka kwanza. Nilikuwa nasikia kiberiti, halafu harufu ya tangawizi, halafu kikombe kinawekwa karibu na kichwa changu. Jioni nilisonga ugali kwenye jiko lile la mafiga mawili, Waswidi wa kwenye uwanja wa kambi wakipita polepole kuangalia ni nini kile. Wakituuliza tumetoka wapi, yeye alijibu, "Farsta." Wakiuliza tena, kwa upole, kabla ya hapo, alijibu, "Kabla ya Farsta tulikaa Tumba." Kisha alicheka, akawakaribisha chai.

Baridi iliyofuata ndipo mambo yalipoanza, ingawa kwa wakati ule sikuyaita mambo.

Kwanza alilalamikia dirisha la sebuleni. Alisema mafundi waliobadilisha vioo wamelipinda fremu. Nilikwenda nikapitisha mkono kwenye fremu juu hadi chini. Ilikuwa imenyooka. Alisema basi labda ni kioo chenyewe. Halafu nikaanza kukuta chai mezani, kando ya kikombe, kidimbwi kidogo kilichofutwa nusu. Halafu akaacha kusoma gazeti, akasema habari zote ni za kuudhi. Mwezi wa nne alikwenda kwenye duka la miwani kupima miwani mipya, akarudi bila miwani.

"Wanasema nimwone daktari wa macho kwanza," aliniambia akiwa ananing'iniza koti. "Nitakwenda baada ya kiangazi. Wanapenda kumtisha mtu ili wauze."

Alipokuwa kazini alikuwa anapimwa na daktari kila baada ya muda ili aruhusiwe kuendesha basi. Alipostaafu ile leseni ya basi aliiacha ife, akabaki na ya gari la kawaida, na kwa hiyo haikuwapo tena siku ya kupimwa. Mimi niliyajua haya yote. Mimi niliyeandika kwa miaka mingi, kuhusu baba za watu wengine, kwamba leo amemwaga chai nje ya kikombe, chunguzeni macho, kwa mume wangu nilichukua kitambaa nikafuta meza.

Mwezi wa sita tukaondoka kuelekea kaskazini. Siku ya kwanza barabara kuu ilikuwa pana na anaijua, akaendesha kama kawaida yake, mikono miwili kwenye usukani, mgongo umenyooka. Siku ya pili tuliingia barabara za ndani. Akaniambia, "Mama, kibao kile kinasemaje? Nisomee, usije ukasinzia." Watoto walipozaliwa ndipo tulipoacha kuitana majina, yeye ananiita Mama, mimi namwita Baba. Nikamsomea. Kilomita kumi na nne. Baadaye akaniuliza kibao kingine, na kingine. Kufikia siku ya nne nilikuwa nasoma kila kitu bila kuulizwa.

"Kulia baada ya kituo cha mafuta. Baiskeli mbele, kulia kwako. Lori linakuja. Mzunguko, Baba, njia ya pili. Ya pili, siyo hiyo."

Aliitii sauti yangu bila neno. Kwa mtu aliyeangalia kutoka nje tulikuwa wazee wawili wanaozungumza. Mikono ilikuwa yake, macho yalikuwa yangu, na kati yetu hakuna aliyethubutu kulisema jambo hilo. Usiniulize ni kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi. Naweza kusema tu kwamba kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi kikombe cha chai kiliwekwa karibu na kichwa changu, hata kama sahani yake ilikuwa imejaa chai, nami nikanywa.

Siku ya sita nilisema. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, penye meza za mbao za kupumzikia, katikati ya misonobari. Mbu walikuwa wengi, tukabaki ndani kwenye viti vya mbele.

"Baba, macho yako."

"Yana nini?"

"Huoni."

"Naona. Naona barabara, naona miti, naona yule ndege pale." Kweli palikuwa na ndege, pembeni kabisa.

"Na mimi unaniona?"

Akanigeukia. "Nakuona."

"Nimevaa hereni gani?"

Aliinamisha kichwa upande, kama kuku anayetafuta punje, na nilielewa kwamba alikuwa ananitafuta kwa pembe ya jicho. "Mtu anayeendesha haangalii hereni," alisema.

"Tumesimama, Baba."

Alitazama mbele. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika, "Tukiliacha gari hapa, nani atalirudisha? Wewe?"

Mimi siendeshi. Nilijifunza, miaka ile watoto wakiwa wadogo. Nilishindwa mtihani wa nadharia mara mbili, na ule wa kuendesha sikuufikia. Huku mwanafunzi hupelekwa kwanza kwenye uwanja wenye barabara ya utelezi ili ajue gari likiteleza linafanyaje. Gari langu lilizunguka kama pia, likasimama likitazama tulikotoka, na mimi nikaachia usukani nikafunika uso kwa viganja. Mwalimu alisema itakuwa sawa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu basi, sitaki tena, naye akasema, "Acha tu. Mimi nipo." Nilimshukuru siku ile. Kwenye ile barabara ya misonobari niliketi na mikono mapajani, mwanamke wa miaka sitini na sita, mbele yangu kuna usukani nisioujua, simu haina mtandao, na wa kushika kiti cha mume wangu hayupo.

"Twende basi mpaka mji unaofuata," nilisema. "Tukifika hapo tumpigie binti yetu aje."

"Tukifika hapo tutaona," alisema, akawasha gari.

Mji uliofuata ulikuwa mdogo kama ile mingine. Jina lake naliacha. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na barabara ya katikati ya mji ilikuwa na magari machache. Nilikuwa nasoma: polepole, thelathini, polepole. Simu yangu ikaita. Mtandao ulikuwa umerudi. Alikuwa binti yetu anayekaa Rissne, ambaye kila mchana hupiga kujua kama tuko salama. Nikaichomoa kwenye mkoba, nikaangalia kioo nipate pa kugusa, nikasema haloo.

"Var är ni?" aliuliza. Yeye hutujibu na kutuuliza kwa Kiswidi tangu alipokuwa na miaka sita. Mko wapi?

Nikainua kichwa nimwambie tuko wapi, nikaona zebra ya kuvukia watu, na juu yake mama mzee mwenye kofia ya majani, anasukuma kile kigari cha kujiegemeza ambacho wazee wa huku hutembelea. Nilipiga kelele. Sikusema kulia wala kushoto wala simama. Nilipiga kelele tu, na mume wangu akakanyaga breki kwa nguvu, vyombo vyote nyuma vikaanguka. Lakini tulikuwa tumeshafika. Pembe ya gari ilikipata kile kigari. Kigari kiliruka, na yule mama, ambaye mikono yake ilikuwa bado imekishika, akavutwa nacho kisha akakaa chini barabarani.

Niliteremka nikiwa bado na simu. Nilimsikia binti yangu humo ndani akiita, "Mamma? Mamma?" Nikaiweka chini kwenye lami nikapiga magoti.

Kazi ile naijua. Nilimuuliza jina, nikamuuliza leo ni siku gani, nikamwambia asisimame. Kichwa kilikuwa kizima. Nyonga ilikuwa nzima. Mkono wa kushoto alikuwa ameukumbatia na rangi ya uso imemtoka. Aliniangalia kwa macho ya buluu yaliyofifia, akanipigapiga begani kwa mkono mzima kama kwamba mimi ndiye niliyeanguka, akasema, "Ingen fara, ingen fara." Maana yake hakuna neno. Ndicho wanachosema. Nimewasikia wakikisema wakiwa wamevunjika mifupa.

Mume wangu alikuwa ameteremka pia. Alisimama kando ya mlango wa gari, mkono mmoja umeegemea bodi, na kichwa amekiinamisha upande. Alikuwa anatafuta ni wapi tulipo.

Watu walitoka dukani. Gari la wagonjwa lilikuja, halafu polisi, mwanamke kijana mwenye nywele zilizosukwa nyuma. Alikuwa mpole. Alimpima mume wangu pombe, naye akapuliza, hakukuwa na kitu. Mume wangu alinyoosha mgongo. Alieleza kwa Kiswidi chake kizuri kwamba ameendesha mabasi miaka thelathini bila kumgusa mtu, kwamba jua lilimpiga usoni, kwamba yule mama alitokea ghafla. Polisi aliandika. Kisha akamtazama kwa muda, akashusha kalamu, akanyoosha mkono kuelekea gari jekundu lililoegeshwa ng'ambo ya barabara.

"Unaweza kunisomea namba ya gari lile?"

Halikuwa mbali. Mtoto wa darasa la kwanza angeisoma namba yake. Mume wangu alielekeza uso kule. Aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto. Nilikuwa nimesimama karibu yake, bega kwa bega, magoti yangu yana vumbi la lami. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apewe chumvi:

"Mama, nitajie hizo herufi."

Nilikuwa nimeshazisoma. Siku zote zile nilikuwa nasoma kila kitu, nilikuwa sijui tena namna ya kutosoma. Herufi tatu na tarakimu tatu zilikuwa tayari mdomoni mwangu. Yule polisi asingejua. Angefikiri tunaulizana jambo la wazee waliopata mshtuko.

"Nitajie," alisema tena. "Tafadhali."

Miaka arobaini na moja ya ndoa, sikumbuki kama aliwahi kuniambia tafadhali kwa Kiswahili. Nyuma ya yule polisi walikuwa wanamwinua mama wa watu kumweka kwenye machela. Kofia yake ya majani ilikuwa imebaki barabarani na hakuna aliyeiokota.

Polisi akanigeukia. "Anasemaje?"

Kutafsiri ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote hapa. Niliwatafsiria wageni wapya wa kanisani wakienda hospitali, niliwatafsiria wazazi shuleni. Mtu akiniuliza fulani anasemaje, mdomo wangu hufunguka wenyewe. Sikuamua. Ningependa kusema niliamua.

"Ananiomba nimsomee," nilisema kwa Kiswidi.

Mume wangu alielewa, bila shaka. Alibaki ametazama upande wa lile gari jekundu. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pochi, akapapasa kadi moja moja kwa kidole gumba mpaka akaipata leseni, akaishika mbele yake hewani. Ilikuwa sentimita chache kushoto kwa mkono wa polisi uliokuwa umenyooshwa. Polisi akasogeza mkono akaipokea.

Gari letu walilisogeza wao, likaegeshwa nyuma ya kanisa la mji ule, kwenye kivuli. Hapo tulikaa siku mbili tukimsubiri binti yetu apate ruhusa kazini na nafasi kwenye treni. Niliokota vyombo vilivyovunjika. Nilipika wali. Alikula akiwa ametazama dirishani. Nikamwambia, "Baba, sema basi hata neno moja." Akasema wali umeiva vizuri. Nilikwenda dukani kununua mkate, na pale kwenye foleni watu waliniachia nafasi kubwa kuliko kawaida. Huenda ni wema, huenda siyo. Siku ya pili yule polisi alipita kutuambia kwamba yule mama amevunjika kifundo cha mkono, amefungwa plasta, yuko kwa mwanawe. Niliuliza kama naweza kumpelekea maua. Alisema ni afadhali niandike barua, yeye ataifikisha. Niliiandika mara nne. Sikuwahi kupata jibu, na sina haki ya kulidai.

Binti yetu alishuka kwenye basi la kutoka stesheni ya treni mchana na begi moja dogo. Alimkumbatia baba yake kwanza, kwa muda mrefu. Kisha akanikumbatia mimi, akaniuliza sikioni, "Hur länge har du vetat?" Umejua kwa muda gani?

Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba tuondoke kabla ya jioni.

Hakuwahi kuendesha gari kubwa namna ile. Mume wangu alimweleza kila kitu kwa utulivu, jinsi ya kupima upana kwenye kona, jinsi ya kuacha nafasi mbele. Alikuwa mwalimu mzuri. Lakini alipomaliza hakukaa kiti cha mbele. Alipita nyuma, akaketi kwenye kile kiti cha mezani kinachotazama tulikotoka, akafunga mkanda. Mimi nikakaa mbele kando ya binti yangu. Kila nilipoona kibao nilifungua mdomo nikaufunga.

Daktari wa macho alitupokea wiki ile ile. Alitueleza kwa mchoro. Katikati ya jicho, pale panapopokea maandishi na nyuso, pameharibika. Pembeni bado ni pazima. Ndiyo maana anaona ndege kwenye mti na haoni anayezungumza naye. Jicho la kulia limeshakwenda. La kushoto linaweza kuzuiwa lisiendelee, kwa sindano, ndani ya jicho lenyewe, kila mwezi. Mume wangu aliuliza kama angekuja mwezi wa nne ingekuwaje. Daktari alipanga karatasi zake, akasema ni vigumu kujua. Mimi nimefanya kazi na madaktari. Nilijua hilo lina maana gani, na mume wangu akalijua kwa namna nilivyovuta pumzi.

Kesi ilikuja, faini ikaja, tukalipa. Kanisani walituombea. Rafiki yangu Mkenya, yule aliyecheka, alikuja nyumbani na chapati kwenye foili, akakaa nami jikoni saa nzima bila kuuliza kitu.

Mume wangu alizungumza jambo lile mara moja tu, mwezi wa kumi, tukiwa tunakunja shuka. Yeye ameshika pembe mbili, mimi mbili.

"Ulikuwa umezisoma?" aliuliza.

Sikujifanya sijui. "Nilizisoma."

"Zote?"

"Zote."

Tukakunja. Tukasogeleana kukutanisha pembe, mikono yetu ikagusana. "Ungezitaja," alisema, "ningeacha mwenyewe. Ningefika nyumbani nikaacha mwenyewe. Nilichotaka ni hicho tu."

"Na yule mama?"

"Yule mama alikuwa ameshaanguka."

Nilitafuta la kusema. Yalikuwapo mengi, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingemfaa mtu aliyesimama mbele yangu ananitazama sikioni akidhani ananitazama usoni. Nikachukua shuka nikaiweka kabatini.

Gari tuliliuza mwanzoni mwa mwaka. Lilikuwa limeegeshwa Tumba, kwa mtu anayekodisha nafasi. Wanunuzi walikuwa mume na mke wa rika letu, wamestaafu juzi, wamefurahi mpaka wanakatizana maneno. Mume wangu aliwatembeza humo ndani kwa mikono. Alishika swichi ya pampu ya maji bila kuitafuta, akawaonyesha namna ya kufunga gesi, mahali pa kugonga kabati lisilofunguka, jinsi ya kumwaga tanki wakati wa barafu. Hawakugundua kitu. Yule mwanamke aliuliza ni kwa nini tunaliuza gari zuri hivi.

"Mke wangu amechoka na safari," alisema mume wangu.

Nilisema ni kweli, nimechoka. Tulirudi kituoni tukapanda treni. Alikataa mkono wangu kwenye ngazi, akashika chuma, akashuka ngazi moja moja, watu wakitupita pande zote mbili.

Sasa tunakwenda sindano kila mwezi. Yeye huingia, mimi hukaa nje kwenye viti vya plastiki pamoja na wake na waume wa wengine, wote tumepakata makoti ya watu wawili. Mwezi uliopita nesi alitoka na fomu akaketi karibu yangu. Alikuwa na maswali machache, alisema, ya kawaida. Je, anavaa mwenyewe? Anavaa. Anakula mwenyewe? Anakula. Je, nyumbani mnahitaji msaada?

Nikasema hapana. Halafu nikasema ndiyo.

Akaweka alama, akasubiri kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Msaada wa aina gani?"

Nilimwangalia yule nesi. Nilitaka sana kumjibu. Nilipitisha maneno yote ninayoyajua kwa Kiswidi, halafu kwa Kiswahili, na mlango wa chumba cha sindano ukafunguka, mume wangu akasimama pale na jicho limefunikwa, kichwa amekiinamisha upande, ananitafuta kati ya watu.

Nesi akaandika tu ndiyo. Akasema watatupigia.